Mpira Ambao Mnara Hauombi

Meza ya Kukatia, Kiwanda cha Sare
12 Februari

Mdogo wangu Daktari,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako, mwenye tumbo lilelile ulilolicheka ulipokuja likizo, ila sasa limeota mizizi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimesikia huko kambini simu zote zimefungiwa sandukuni hadi wanariadha wenu wamalize mashindano, na ninyi mnaowafundisha mmefungia zenu pia ili kuonyesha mfano. Safi sana. Mimi na simu hatuelewani hata hivyo. Ukinipigia nakuwa bubu, nikishakata ndipo maneno yote yanakuja.

Nina shida, na kwa mara ya kwanza tangu uanze hayo masomo yako ya saikolojia ya michezo, naona yanaweza kumsaidia mtu. Usichekelee.

Unajua kwamba ninafundisha timu ya wanawake ya mpira wa pete hapa kiwandani. Unajua pia nilivyopata ukocha: meneja aliuliza nani ana filimbi, na mimi nilikuwa nayo. Wachezaji wananiita Kocha Mkasi. Wao wanasema ni kwa sababu nasimamia ukataji wa vitambaa. Wifi yako anasema ni kwa sababu ya ulimi wangu.

Katika mchezo huu wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kila upande. Mmoja wetu ni Kifungo, binti mfupi wa kitengo cha vifungo, hatulii kama maji yanayochemka. Mwingine ni Mnara, anayeshona kola. Huyo ukimwona hutauliza jina limetoka wapi. Akisimama chini ya pete, mlinzi wake anabaki kutazama kwapa.

Mwaka jana tulicheza fainali na kiwanda cha sabuni. Mpira wa mwisho ulikuwa mikononi mwa Mnara, na ungeingia tungeongezewa muda. Ulizunguka mdomoni mwa pete, ukafikiri, ukatokea nje. Tangu siku hiyo mwenzako hafungi. Akipata mpira anamtupia Kifungo kama vile umetoka jikoni sasa hivi. Akiwa mazoezini peke yake anafunga huku anapiga soga. Mchezo ukianza, mikono inakufa.

Nimejaribu yote. Nimempigia kelele "Jiamini!" mpaka koo limepasuka. Juzi akaniambia kwa upole kwamba msimu huu ukiisha anatundika viatu, nimtafute mwingine. Mtu wa kusimama chini ya pete tutampata, hilo sililii. Linaloniuma ni kwamba huyu mama ana kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, na ataondoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyetuangusha. Atakuwa anapita pale uwanjani kila jioni akitoka kazini, anatazama chini. Sitaki kuliona hilo.

Fainali ni mwisho wa Aprili, tukifika. Niambie dawa.

Kaka yako,
Mkasi


Kambini
21 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mkimbiaji wangu mmoja akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia nina kaka. Akasema pole.

Kwanza, acha kumwambia "Jiamini". Ukilipaza neno hilo uwanjani, unawatangazia wote kwamba umeona hajiamini, na yeye anasikia hivyohivyo. Kujiamini hakuamrishwi. Mtu anajiamini kwa sababu amekifanya kitu na anakumbuka amekifanya, au amemwona mtu kama yeye akikifanya, au ameambiwa maneno ya kweli na mtu anayemheshimu. Hapo pa mwisho ndipo unapoingia wewe, Mungu atusaidie.

Sema ulichokiona. "Vizuri sana" haisaidii kitu, ni kama kumpungia mtu mkono. Sema, "Ulipogeuka kulia, mlinzi alikupoteza." Hayo ni maneno ambayo mtu anaweza kuondoka nayo.

Pili, usimtazame Mnara peke yake. Timu nayo ina imani yake, na haikai kifuani mwa mtu yeyote mmoja. Inakaa katikati yao kama joto la chumba. Mmoja akifungua dirisha wote wanapata baridi. Kwa hiyo nijibu hili: mchezo ukikaza, wenzake wanafanya nini? Watazame wao, mwache yeye.

Na kaka, nakujua. Dawa hii ni ya kijiko. Usiwanyweshe chupa nzima siku moja.

Mdogo wako


Meza ya Kukatia
7 Machi

Daktari wangu,

Dawa imekubali! Nilianza Jumatatu ileile barua yako ilipofika. Niliona nisipoteze muda, nikawapitia wote, mmoja mmoja, kwenye mashine zao. Nilishusha sauti, kama ulivyoshauri. Au hukushauri? Basi mimi niliishusha.

Nilimwambia Sindano, yule anayecheza katikati, kwamba jinsi anavyoutazama uwanja mzima kabla ya kurusha ni jambo la kujivunia. Aliacha mguu kwenye mashine akashona mfuko wa suruali ukazibika kabisa. Kifungo nilimwambia moyo wake ni mkubwa kuliko kimo chake. Alinitazama tu, midomo wazi. Mnara nilimwambia kola zake na miruko yake zote zimenyooka. Walinyamaza chumba kizima, ukasikia feni peke yake.

Wameguswa sana, naona. Tangu siku hiyo naletewa matunda. Mpishi wa kantini ananipakulia supu yangu peke yangu, haina chumvi, lakini nia ni njema. Nesi wa kiwanda anapita kila asubuhi kunisalimia na kunipima presha. Nadhani anatafuta nafasi kwenye timu. Ana miguu mizuri ya mlinzi.

Mchezo wa Jumamosi ulikwenda vizuri kwa ujumla.

Umeuliza wenzake wanafanya nini mchezo ukikaza. Wanacheza. Wangefanya nini tena?

Barua hii nampa Mnara mwenyewe anipitishie posta, maana nyumba yake iko njia hiyo. Unaona jinsi ninavyomwamini.

Kaka yako mshindi,
Mkasi


Kitengo cha Kola
10 Machi

Kwa Dada yake Kocha,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye wanayeniita Mnara. Kocha alinipa barua yako niipeleke posta, nikanakili anwani juu ya bahasha. Sikuifungua, kweli tena. Unisamehe kwa kukuingilia, ila wenzangu wamenituma, na jambo lenyewe ni zito.

Dada, tuambie ukweli. Kocha anaumwa nini?

Muda wote tuliomjua, kitu tulichomsikia akikisifu ni mkasi wake mpya. Ukifunga vizuri anakuuliza mbona umechelewa. Tumezoea, na tunampenda hivyohivyo. Sasa wiki ile alikuja mashineni kwa kila mmoja, ameinama, sauti ya chini kama mtu aliyekaa kando ya kitanda hospitalini, akatuambia maneno matamu. Sindano alikimbilia chooni akalia. Alisema, "Jamani, mtu wa namna ile anaaga."

Tukakubaliana tusimwulize, tumtunze tu. Mpishi ameondoa chumvi. Nesi anampima kila siku. Anasema presha yake ni ya kijana wa miaka ishirini, na hilo limetutia hofu zaidi, kwa sababu maana yake ugonjwa umejificha. Jumamosi tulicheza na wale wa duka la vipuri, watu ambao hatujawahi hata kuwahofia, na sote macho yalikuwa benchini kwake badala ya kwenye mpira. Tumefungwa vibaya. Kocha alisema, "Mmekimbia vizuri." Kifungo akaanza kulia palepale uwanjani.

Hilo ndilo nililotumwa. La pili ni langu peke yangu, wenzangu hawalijui.

Nasikia wewe ni mtaalamu wa mioyo ya wachezaji. Mimi naacha mchezo msimu ukiisha. Kocha anadhani naogopa kufunga. Labda kweli. Lakini mpira wenyewe hawanipi. Mchezo ukiwa mwepesi napata. Ukikaza, hata nikiwa peke yangu chini ya pete, mpira unapita juu ya kichwa changu unamwendea Kifungo, aliyebanwa na walinzi wote wawili. Hakuna anayesema kitu. Wananitabasamia. Afadhali wangenitukana, ningejua pa kushika. Nadhani kocha amewakataza kwa siri, na sina kinyongo naye. Mimi ndiye niliyekosa mwaka jana. Ila huwezi kubaki mahali ambapo watu wanacheza kukuzunguka kama nguzo ya umeme.

Tafadhali hili usimwambie. La kwanza, tuambie upesi.

Wako mtiifu,
Mnara


Kambini
17 Machi

Mnara,

Marahaba, mdogo wangu. Kaka yangu haumwi kitu. Mimi ndiye niliyemwandikia awasifu, naye akawasifu kama mtu anayefungua bomba la zimamoto. Waambie wenzako. Mrudishieni chumvi yake.

La pili nimelifungia. Nina maneno machache tu.

Unasema kocha amewakataza. Amekuambia nani? Umekisia. Huenda ni kweli, huenda siyo, na mimi niko mbali siwezi kujua. Unaoweza kuwauliza ni wao.

Na nikuulize wewe. Kifungo akitaka mpira anafanyaje? Nadhani anapiga kelele, anainua mkono, anaruka. Wewe ukiutaka unafanyaje? Usinijibu mimi. Mchezo ujao, mpira ukiwa katikati na mambo yamekaza, angalia tu mikono yako mwenyewe iko wapi.

Sitakuambia ujiamini. Umeshaambiwa vya kutosha.

Dada yake Kocha


Kambini
17 Machi

Kaka mshindi,

Mtu aliyeshinda haandiki "kwa ujumla". Mlifungwa na nani?

Halafu nesi hatafuti nafasi kwenye timu. Waulize wachezaji wako kwa nini supu yako haina chumvi. Ukae chini kwanza.

Sasa sikiliza. Wakusanye kwenye meza yako ya kukatia baada ya kazi. Kila mmoja amwambie mwenzake mpira anaoutaka kutoka kwake: wa juu au wa kudunda, mkono upi, wakati gani. Hakuna kusifu wala kulaumu. Kusema anachokitaka tu, kwa sauti, mbele ya wote. Utashangaa ni vigumu kiasi gani. Nina wakimbiaji wa kupokezana kijiti ambao wamekimbia pamoja msimu mzima, na mmoja hajawahi kumwambia mwenzake kwamba kijiti anampa mapema mno.

Kazi yako ni kuanzisha, kisha kunyamaza. Najua hapo ndipo zoezi litakapokuwa gumu kwako. Uma rula.

Mdogo wako anayekupenda


Meza ya Kukatia
11 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu tumeshinda nusu fainali, na safari hii si kwa ujumla. Lakini acha nikupe la mezani kwanza, maana sijaona jambo kama lile tangu nianze kupuliza filimbi.

Tulikaa baada ya zamu, wote kuzunguka meza, marobota ya vitambaa yakiwa viti. Nikawauliza habari ya chumvi. Sindano akakohoa. "Kocha, kwa hiyo hufi?"

"Sifi."

"Hata kidogo?"

"Kwa nini mnauliza kama mmekata tamaa?"

"Basi yale machungwa," Kifungo akasema, "turudishie."

Walicheka mpaka mlinzi wa getini akaja kuchungulia. Mimi nilicheka kidogo, mdogo wangu. Kujua kwamba watu wameona ni rahisi zaidi wewe kufa kuliko kusema neno jema ni kitu kinachomfanya mtu ajitazame kwenye kioo. Nilijitazama. Tumbo lipo palepale.

Nikawaeleza zoezi, nikaweka rula mdomoni. Si mfano, niliiweka kweli.

Walianza kwa kuoneana haya. Kifungo akasema anataka wa kudunda, kwa sababu yeye ni mfupi na amechoka na wao kujifanya hawajui. Mlinzi wetu wa nyuma akasema anataka kuitwa jina kabla ya kurushiwa, maana anashtuka. Sindano akasema apewe upande wa kulia. Jicho la kushoto linamsumbua tangu zamani na hajamwambia mtu.

Zamu ya Mnara ikafika. Akatazama meza. "Mimi nachukua wowote."

"Wowote ndiyo upi?" Sindano akamuuliza. "Juu au chini?"

"Wowote mtakaoruhusiwa kunipa."

"Kuruhusiwa na nani?"

Wote wakanigeukia. Sikuwa na hatia, lakini kwa uso huu wangu na rula mdomoni nilionekana ninayo. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia.

Sindano akaanza kuzungusha uzi kidoleni. "Kocha hajasema kitu. Ni sisi." Akauvuta mpaka ukakatika. "Mwaka jana baada ya fainali nilikukuta stoo, umejificha nyuma ya robota la kola unalia. Niliwaambia wenzangu. Tukasema basi, huyu tusimtwishe tena mpira mzito. Ukikaza, tuubebe sisi. Tulidhani tunakupumzisha."

"Mwaka mzima," Mnara akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Kifungo, "mwaka mzima nimedhani mnaniona mkosi."

"Mkosi! Wewe?"

"Mnanitabasamia."

"Tungekununia?"

"Ndiyo!"

Hapo Kifungo akasimama juu ya robota ili aonekane. "Na mimi je? Mwaka mzima nabanwa na majitu mawili, viwiko mbavuni, kwa sababu ya huruma zenu! Mngenihurumia na mimi basi!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa na machozi ndani yake, na sitasema ya nani. Mnara akachukua chaki yangu. Juu ya kitambaa changu, mdogo wangu, kitambaa kipya cha sare za wauguzi, akachora pete na duara lake. Akaweka alama. "Hapa. Juu, mkono wa kulia. Na mchezo ukikaza ndiyo hasa." Akafikiri kidogo. "Na nikikosa, unaofuata mnipe mimi. Msinipumzishe."

Nilitaka kusema kitu. Rula ina alama za meno.

Nitakuambia ukweli, mchezo wa kwanza baada ya hapo ulinitoa jasho. Alikosa, wakampa. Akakosa, wakampa tena. Watazamaji wakaanza kuguna. Mimi ningekuwa Sindano ningetafuta njia nyingine. Sindano akamrushia tena, juu, mkono wa kulia, na akapaza sauti, "Ni wako!" Ukaingia. Baada ya hapo yakawa mambo mengine. Sasa hivi anaomba mpira kwa kelele mpaka mwamuzi anageuka.

Fainali ni dhidi ya sabuni tena. Habari ya kutundika viatu hajaifuta. Nilimgusia, akasema, "Tuone fainali, Kocha." Kwa hiyo najua mimi na yeye tunasubiri kitu kimoja: mpira wa mwisho ukija, atafanyaje?

Mkasi


Meza ya Kukatia
28 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi ni mabingwa! Nimebebwa juu juu na timu nzima, wakanizungusha uwanja nusu, wakaniangusha. Kiuno kinaniuma na nakipenda kwa maumivu hayo. Meneja ametoa hotuba. Wifi yako amenipikia mwenyewe bila kuombwa. Nikitembea koridoni navimba, vifungo vya shati vinalia.

Lakini acha nikuambie kilicho moyoni, maana hapa hakuna wa kumwambia.

Mnara alicheza mchezo wa maisha yake. Walinzi wa sabuni walimwacha mwanzoni kama walivyozoea, wakamkimbilia Kifungo wawili. Mnara akafunga. Akafunga tena. Akakosa, wakampa, akafunga. Ilipofika robo ya mwisho walikuwa wamechanganyikiwa, wanagombana wao kwa wao. Hata hivyo sabuni ni sabuni, hawashikiki. Wakarudisha, tukawa sare, na muda unakwisha.

Mpira ukaja kwake. Juu, mkono wa kulia, mahali palepale alipochora. Sindano aliurusha bila kusita. Kila mtu alikuwa anakumbuka mwaka jana. Nilisimama. Mnara akauinua juu ya kichwa. Nikasema sasa.

Akampa Kifungo.

Kifungo akafunga, filimbi ikalia, tukashinda. Watu wote wakaruka na mimi nikaruka nao. Lakini ndani yangu kitu kilikaa chini. Mpira uleule, dakika ileile, na mikono ileile imeutupa. Baada ya yote yale. Nilikuwa nimeutaka ushindi, nimeupata, na sasa naona nilikuwa nautaka mpira ule kuliko kikombe. Nilimtakia yeye.

Sijamuuliza. Akinipita ananicheka na kunipigia saluti. Kikombe kiko juu ya meza yangu na kila nikikitazama nasema, ameogopa tena, na ataondoka hivyohivyo. Wewe ndiye mwenye elimu. Nilikosea wapi?

Kaka yako bingwa,
Mkasi


Kambini
4 Mei

Kaka bingwa,

Hongera! Nimewasomea wakimbiaji wangu barua yako mezani, ukiondoa habari ya kiuno. Wamepiga makofi. Mtu aliyeshinda kikombe bado akakosa raha kwa ajili ya moyo wa mchezaji mmoja, huyo ni kocha. Nimejivunia wewe mbele ya watu, kwa hiyo usiniaibishe.

Swali lako silijui jibu lake. Nilikuwa sipo, na hata ningekuwepo nisingejua. Mtu anayetoa mpira kwa hofu na anayeutoa kwa akili, ukiwatazama kutoka benchini ni mtu mmoja.

Muulize, kaka. Na ukishauliza, nyamaza.

Mdogo wako


Kitengo cha Kola
10 Mei

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa kuwa na kaka.

Leo asubuhi alikuja mashineni kwangu. Amevua kofia, anaizungusha mikononi. Nikajua leo anakufa kweli. Akauliza, polepole, kama mtu anayepita juu ya sakafu yenye maji: "Mnara, ule mpira wa mwisho. Uliogopa?"

Dada, nilimtazama. Kumbe wiki zote mbili hizi, wakati sisi tunacheza na kuimba koridoni, huyu mzee amekuwa anaubeba mpira ule peke yake!

Nikazima mashine. Nikamwambia, Kocha, nikueleze. Nilipoushika, niliiona pete kubwa kama beseni la kufulia. Ningefunga nimefumba macho. Mwaka jana sikuiona kabisa, niliona nyuso za watu. Mwaka huu niliona pete, na chini yake nikaona walinzi. Wote wawili, Kocha. Wamemwacha Kifungo, wamenirukia mimi, mikono juu, macho yamewatoka. Mimi! Mwaka mzima hakuna aliyejisumbua hata kunikanyaga kidole, na sasa majitu mawili yananing'ang'ania kama nguo ya mwisho kwenye mnada. Na Kifungo yuko peke yake chini ya pete, kainua kidole kimoja, anasubiri tu, mtulivu kama mtu anayengoja chai.

Nikamwambia, msimu ulipoanza ningempa kwa sababu naogopa. Juzi nimempa kwa sababu wao waliniogopa mimi.

Kisha akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Akasema, "Mbona ulichelewa kurusha?"

Nikajua amepona.

Basi amekwenda. Alipofika mlangoni nikamwita, nikamwambia asitafute mtu wa kusimama chini ya pete, mtu yupo. Na mazoezi yaanze mapema mwaka huu, kwa sababu sabuni watakuja wamejipanga. Sheria inawaruhusu walinzi wawili tu ndani ya duara. Mwakani, nimemwambia, watamwomba mwamuzi awaongezee mlinzi wa tatu.

Mnara
Mfungaji